Mdomo wa Songoro

Palikuwa na tajiri wa mashamba ya karafuu, Sheikh Nasoro bin Sudi, mcha Mungu wa kupigiwa mfano. Tasbihi mkono wa kulia, bakora mkono wa kushoto, na vyote viwili havikupumzika. Msinicheke jamani; mimi mwenyewe uchaji wangu huanza pale pilau ya maulidi inaponukia. Lakini huyu alizidi.

Alijenga msikiti, ukabaki mnara. Akaamua amuuze mjakazi wake Zafarani kwa wageni wa ng'ambo, mnara upande, naye apate pepo. Zafarani alikuwa mke wa Songoro, mtumwa wa Sheikh huyo huyo, mchuma karafuu.

Songoro akamfuata Sheikh barazani, akamwangukia miguuni mbele ya wazee waliokuwa wakinywa kahawa. Akalia kweli. Akasema yeye ni mpumbavu, kichwani kumejaa makumbi ya nazi, na bila Zafarani hata kikoi hukivaa nje ndani. Sheikh akamjibu kuwa mtumwa hana chake.

"Mikono yako yangu, miguu yako yangu. Hata huo mdomo ni wangu."

"Na swala zinazotoka humo, bwana?"

"Thawabu zake zangu."

Songoro akashukuru, akaenda zake.

Ijumaa, watu wanatoka kuswali, huyo Songoro anakuja akipepesuka, ananuka tembo la mnazi. Sheikh akapandwa na hasira. Akamshika kadhi mkono, akataka mlevi achapwe viboko palepale, sheria ni sheria.

Kadhi akamuuliza Songoro kama amekunywa.

"Mimi, kadhi? Mdomo wa kunywea nitautoa wapi? Huu ni wa bwana. Mimi mjinga nimeubeba tu."

Watu wakaziba vicheko kwa mikono ya kanzu. Wazee wa barazani wakaulizwa, wakathibitisha kuwa ndivyo Sheikh alivyosema. Kadhi akamgeukia Sheikh, akamtaka aeleze, basi, viboko vimwendee nani.

Sheikh akaitazama bakora ya kadhi. Jasho likamtoka.

"Vimwendee yeye! Mdomo uliokunywa ni wake mwenyewe, nashuhudia mbele ya Mungu."

"Mmesikia, waungwana," Songoro akasema, huku akivua shati na kulala kifudifudi. "Mdomo ni wangu. Basi hata ile 'nimekubali' niliyoitamka siku ya kumwoa Zafarani ni yangu. Haya kadhi, nichape upesi, nikamchukue mke wangu."