Vidole Vitatu, Mstari Mmoja

Hapo zamani, wilaya nzima ilipokuwa na daftari moja tu la vizazi, karani alilipandisha milimani Upare mara moja kwa mwaka. Baba aliyetaka mwanawe atambuliwe kisheria alisimama mbele ya watu, akaapa, "Huyu ni damu yangu," kisha akatia dole gumba. Lakini mama sharti aitikie. Asipoitikia, hakuna kitu. Na wino ukishakauka haufutwi.

Mwaka huo Nakijwa alikuja na mumewe Elinami, wamwandikishe Namsi, binti wa miaka sita, ambaye Nakijwa alimzaa kabla ya kuolewa. Alikuja moyo mweupe. Mara akaona wanaume wengine wawili wakichovya vidole kwenye wino.

Wa kwanza ni Mchome, aliyempa mimba akakimbilia mashamba ya mkonge.

"Nilikimbia, sikatai," alisema. "Lakini nimetembea siku tatu kuja kukiri mbele ya mke wangu na wakwe zangu. Damu ni yangu. Nani mwingine hapa ataapa bila kusema uongo?"

Mkewe akajifunika uso kwa kanga.

Wa pili ni Kiangi, jirani. "Siku ya kumtoa mtoto nje, wazee waliuliza mara tatu, 'Nani anampa jina?' Mara tatu, kimya! Nikasimama mimi, nikampa jina la marehemu mama yangu, asikose ukoo. Ninyi mlikuwa wapi? Akiandikwa kwingine atabadilishwa jina, na mama yangu nitakuwa nimemzika mara ya pili."

Kweli tupu. Ila tangu siku ile Kiangi hakumletea mtoto hata bakuli la makande, na Nakijwa hakusahau.

Wa tatu ni Elinami. "Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Surua ilipomkamata nilimbeba mgongoni, nikashuka mlima naye, nikapanda naye. Nitaapa ni damu yangu, Mungu ataniuliza mwenyewe."

Watu wakaguna. Kiapo cha uongo, kama cha Kiangi! Kwao iliaminika kwamba anayeapa uongo huzika mtu wa nyumbani mwake kabla ya mavuno. Na nyumbani mwa Elinami walikuwa watatu tu: yeye, Nakijwa na Namsi. Nakijwa aliogopa.

Karani akatazama jua. "Mama, sema. Mstari ni mmoja, nami nashuka sasa hivi."

Vidole vitatu vyeusi vikasogea juu ya karatasi. Dakika ile Nakijwa aliwachukia wote watatu, hata yule aliyempenda.

"Mama," Namsi akamvuta nguo, "mimi ni wa nani?"

Nakijwa akafungua kinywa.

Msinitazame mimi, jamani. Mimi na mke wangu tulishanuniana wiki nzima kwa ajili ya hadithi hii. Semeni ninyi. Aliyemzaa, aliyempa jina, au aliyembeba: je, nani alistahili kuitikiwa?