Sufuria ya Mzazi

Wapendwa, anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana nikifika mwisho nitamwamsha.

Palikuwa na mama mmoja, mwenyekiti wa umoja wa akina mama katika usharika wa huko milimani, kwenye migomba na kahawa. Mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi, na maneno yalikuwa yameenea kwamba bunge lijalo litalegeza sheria ya kutoa mimba. Mama yule akakosa raha. Akawaambia wenzake, "Safari hii kura yangu ina swali moja tu." Na akina mama wa usharika ule walikuwa na tabia moja: anakoelekea mwenyekiti, wote huko huko.

Wagombea wakajua. Wakaja nyumbani kwake mmoja mmoja, wakakaa kwenye kiti kile kile.

Wa kwanza akaamkia, akaitikiwa, akaulizwa, "Mimba je?"

"Mama, uhai ni wa Mungu. Mimi nikiwa bungeni sheria hiyo haipiti."

Akaongezewa chai, akakatiwa na mkate.

Wa pili alikuwa mwanamke, muuguzi mstaafu. Naye akaulizwa.

"Mama Mwenyekiti, hata mimi sipendi mimba itolewe. Lakini wasichana wenu hapa wakipata mimba, mnawafanyaje?"

"Nimeuliza mimi."

"Na mimi nimejibu, mama."

"Hujajibu, umeuliza. Malizia chai yako, mvua inakuja."

Hakukuwa na wingu hata moja. Akina mama walicheka jambo hilo mpaka Jumapili.

Sasa niwaambie habari za sufuria. Nyuma ya nyumba ya mama huyo, chini ya ghala, kulikuwa na sufuria kubwa, nyeusi kwa masizi ya miaka. Ninyi wenye mvi mnaijua bila mimi kuieleza. Enzi zile ukisikia vigelegele alfajiri, unajua mtoto amekuja na sufuria inatoka. Huyu analeta mkungu wa ndizi, huyu mifupa ya ng'ombe, huyu maziwa, yule asiye na kitu anakuja na kuni na umbea. Mtori, supu ile nzito ya ndizi, unachemka, kijiji kizima kinanukia. Mzazi yuko ndani, hashiki jembe, hateki maji, kazi yake ni kula na kunyonyesha. Akija kutoka nje amenawiri, wanaume wanageuza shingo sokoni. Mliona mambo hayo. Yako wapi leo?

Mama wa mfano wetu alilelewa uzazi wake wote na sufuria ile, na aliyekuwa akiikoroga ni mama mkwe wake, mwanamke mkali kuliko pilipili. Siku moja sufuria ilikuwa inapelekwa kwa binti asiye na mume. Wanawake wakasimama mlangoni wakinong'ona. Yule bibi hata hakuinua macho. Akasema, "Mkishamaliza kuulizana baba ni nani, nijulisheni kama anakula ndizi." Akaendelea kukoroga.

Lakini bibi akafa, na sufuria ikarithiwa. Na mama yetu, alipopata uenyekiti, akaleta hoja kikaoni: mzazi aliyetengwa na kanisa asipelekewe sufuria, ili kulinda heshima ya ndoa. Wote wakanyoosha mikono. Mwaka hadi mwaka, mara huyu katengwa, mara yule ana maneno, sufuria ikawa haitoki. Kuku wakaanza kutagia ndani yake.

Mwaka huo huo wa uchaguzi kulikuwa na binti mmoja wa kwaya, ile sauti ya juu inayokufanya ufumbe macho. Akapata mimba. Kijana aliyehusika akahama mji. Binti akatengwa, akavuliwa joho la kwaya, akapelekwa benchi la nyuma, lile la karibu na mlango, linalopigwa na baridi. Hayo ndiyo mazoea yetu, msijifanye wageni.

Ikafika siku ya kura. Akina mama wakapiga, wakaimba njiani wakirudi. Mama yetu akafika kwake jioni, kidole kina wino, moyo mweupe. Akamkuta yule binti amekaa kwenye ngazi ya jikoni.

"Shikamoo, Mama Mwenyekiti."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Wanasema leo mmempigia kura mtoto aliye tumboni."

"Ndiyo. Kwa mkono huu."

"Na huyu wangu naye yumo?"

"Yumo."

"Na wewe utampikia?"

Binti akafungua pindo la kanga, akatoa kikaratasi kilichokunjwa, ndani yake kuna unga wa mizizi. "Hii nimepewa na mtu. Anasema ninywe kesho asubuhi. Nikaona nikuulize wewe kwanza, kwa sababu wewe ndiye uliyesimama kumtetea."

Mama akakitazama kidole chake. Ule wino aliokuwa anautembeza barabarani kama pete ya harusi, akauficha kwenye mkunjo wa kitenge. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba. Kuku wakapiga kelele. Akarudi ameibeba sufuria, akaisugua kwa majivu, akawasha moto, akaleta ndizi.

Binti akaona aibu kukaa bure. Akaweka kile kikaratasi kwenye figa, akachukua kisu, akaanza kumenya.

Mama akamwambia, "Weka kisu chini. Mzazi hamenyi ndizi."

Binti akalia. Na kile kikaratasi, ndugu zangu, kiliungua na moto ule, wala hakuna aliyekinyanyua.

Mnataka kujua kama yule mgombea wa kwanza alishinda. Alishinda. Haya, imekusaidia nini kujua?

Sasa amsheni waliolala. Mimi sikuja hapa kuwaambia mchague nani, na atakayesema nimesema hivyo ni mwongo, nitamwambia usoni. Piga kura kwa imani yako. Mimi pia nitapiga kwa yangu, na siombi radhi. Lakini sisi tunamdai mbunge alinde mtoto ambaye sisi wenyewe tumemwandalia baridi ya mlangoni. Tunamuuliza mgombea, "Mimba je?" Akitugeuzia swali hilo hilo, tunamwambia mvua inakuja. Kura tumepiga mchana mmoja tukarudi tunaimba. Sufuria iko kwa nani? Ina nini ndani, mtori au mayai ya kuku?

Tusimame tuombe. Hapana, msinitazame mimi huku madhabahuni. Leo tutaomba tukiwa tumegeukia benchi la nyuma.