Filimbi ya Mzee Mirdas

Inasimuliwa kwamba hapo kale, zama ambazo mja alimwonea haya Mola wake hata akiwa peke yake (nazililia zama hizo, ndugu zangu), palikuwa na mcha Mungu katika nchi ya Sham akiitwa Sheikh Dhakwan, Mola amrehemu. Alipatwa na donda la mguu, na tabibu akasema halina dawa ila kuchomwa kwa chuma cha moto.

Nyumba ya wagonjwa ya mji ule ilikuwa na desturi nzuri. Mgonjwa akichomwa, mzee Mirdas humpigia filimbi, ili moyo upate pa kushika.

Sheikh alichomwa, na wanafunzi wake waliongoja mlangoni hawakusikia yowe. Basi wakatangaza, "Sheikh alizama katika dhikri, hakuhisi moto!" Ah, waja tunavyopenda makuu! Habari zikaenea, na msimamizi wa nyumba ile akajiuliza, kama dhikri yatosha, filimbi ya nini? Akamwambia Mirdas afungashe virago.

Sheikh akaambiwa sifa zake, na kufukuzwa kwa Mirdas. Sifa ni tamu, nani asiyeipenda? Lakini baada ya sala ya Ijumaa alisimama kwa mkongojo, akasema:

"Enyi waumini, mmenivika kanzu isiyo yangu. Nilipokiona kile chuma nilitokwa na machozi, nikatamani kukimbia. Nikamtaja Mola na ulimi unatetemeka. Ndipo Mirdas alipopuliza, nikajiona mtoto kwetu milimani, nachunga mbuzi wa baba, na mama, Mola amrehemu, ananiita nikale. Maumivu yalikuwapo, ila niliyaweza."

Mwanafunzi wake mkubwa akamnong'oneza, "Maulana, watu watasemaje?"

"Watasema Dhakwan aliogopa, na ni kweli. Kesho akiletwa mama wa watu mwenye jipu, mwanangu, wataka achomwe bila filimbi, kisha adhani imani yake ni haba kwa kuwa ameumia? Mimi nilimwomba Mola, naye akanijibu kwa pumzi za Mirdas."

Baadhi ya wanafunzi walimwacha tangu siku ile. Mirdas akarudishwa kazini.

Ndugu zangu, leo tunaona aibu hata kusema tunaumwa. Mola atujaalie subira yenye ukweli ndani yake, na saa ya chuma itakapotufikia, asituache katika ukimya, bila filimbi.