Matanga ya Samaki Nyumbani kwa Fisi

Mwaka ule mvua ilisahau njia ya kuja. Nyasi zilikauka, mito ikawa vichochoro vya vumbi, na swala wote wakahama bila kuaga. Vikabaki vitu viwili tu vya kutia tumboni: bustani ya Sungura iliyokuwa kando ya chemchemi, na samaki wa bwawani, ambao Bi Korongo peke yake ndiye aliyejua kuwavua.

Sungura hakuwa mtu wa kuiacha njaa ya wenzake ipotee bure. Alifagia uwanja, akapanga magogo ya kukalia, akafungua mkahawa wa kachumbari. Palikuwa na matango, figili, nyanya, karoti zilizokwaruzwa na kabichi iliyokatwa nyembamba kama masharubu yake, vyote vikikamuliwa ndimu. Mteja alikula, kisha akalipa kwa kuchota maji na kumwagilia bustani. Sungura mwenyewe alikaa kivulini akiwaambia pa kumwaga.

Wala majani walijaa kutwa. Wala nyama walipita wakitazama kando, kama waungwana wanaopita mbele ya kilabu cha pombe. Lakini njaa haina haya. Siku moja Simba aliingia, akameza bakuli zima bila kutafuna, akajifuta mdomo.

"Vya kuchokoza tumbo vimekwisha," alisema. "Chakula kiko wapi?"

"Ndicho hicho, Mzee," Sungura alijibu.

Simba alimtazama kuanzia masikio hadi mkia, polepole, kama fundi anayepima kitambaa. Bi Korongo, aliyekuwa mezani akinywa maji, aliona mambo yanakwenda pabaya.

"Mzee," aliwahi kusema, "nitakuletea samaki kila asubuhi. Ukampike nyumbani kwako, wala usihangaike na watu wembamba hawa."

Simba alikubali, akaapa mbele ya wote: "Nikipata samaki, sitamgusa jirani. Nikikosa, jirani asinilaumu."

Basi amani ya nchi nzima ikaning'inia mdomoni mwa Bi Korongo. Alivua vizuri, na kila nyumba ikajifunza kupika samaki. Huyu alimchoma kwa chumvi, yule alimtia nyanya na bizari, na moshi wa jioni ukawa na harufu ya kusamehe.

Shida ililetwa na majivuno. Simba alipewa kambale mkubwa kuliko wote, na badala ya kumpika akamlaza juu ya jiwe, juani, ili wageni waje kumsifu. Wageni walikuja siku ya kwanza wakasifu. Siku ya pili walisifu wakiwa wameziba pua. Siku ya tatu Simba alimla, na usiku kucha alikuwa akikimbilia vichakani.

Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba kilichooza kwanza kilikuwa kiburi chake. Asubuhi aliamuru, "Kuanzia leo samaki yeyote asiingie chunguni kabla ya kunuswa. Nani hapa mwenye pua ya kuaminika?"

"Mimi," Fisi alisema, tayari ameshasimama. "Nanusa mzoga ulio ng'ambo ya kilima."

Alikuwa anasema kweli, na ndiyo maana hakuna aliyefikiri zaidi. Walimpa kazi ya kutafuta uozo mtu ambaye hajawahi kuukataa.

Bi Korongo alileta sato mbichi, macho yanang'aa, mashavu mekundu, bado anapigapiga mkia. Fisi aliinama, akavuta pumzi, akafumba macho.

"Ameoza," alisema.

"Ameoza vipi, naye anatikisika?" Bi Korongo alimaka.

"Anatetemeka kwa homa. Nimpeleke nikamzike mbali na maji, asituambukize. Msijisumbue, mimi nimezoea mizoga."

Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na keshokutwa. Kila samaki alikuwa na ugonjwa wake: huyu homa, yule ini, mwingine huzuni. Fisi aliwabeba wote begani, kichwa kimeinama, akaenda kuwazika nyuma ya nyumba yake. Bi Korongo aliulizwa na majirani kama ameanza kuvua makaburini, akarudi bwawani akilia.

Sungura alicheka mwanzoni, kwa kuwa mkahawa wake ulifurika. Kicheko kilimkauka siku Simba aliporudi, mbavu zinahesabika, akaketi gogo la mbele kabisa.

"Nikuletee kachumbari, Mzee?"

"Usijisumbue. Nimekuja kutazama tu. Nikikosa samaki tena, nitarudi hapa na chumvi yangu."

Sungura hakulala vizuri. Asubuhi alimwona Fisi akija bustanini, tumbo limetangulia, manyoya yanang'aa kwa mafuta.

"Ndugu yangu," Fisi alisema, "nigawie ndimu, vitunguu na pilipili moja."

"Ndimu za nini, Bwana Fisi?"

"Za kunawia mikono baada ya mazishi."

"Na vitunguu?"

"Vinanisaidia kulia."

"Na pilipili?"

Fisi alifikiri kidogo. "Msiba wenyewe ni mkali."

Sungura alimpa vyote, tena akamwongezea kitunguu saumu, kisha akaenda mbio kwa Simba.

"Mzee, shikamoo. Nimekuja kukupa pole, na kukulaumu kidogo."

"Kunilaumu?" Simba alinguruma.

"Samaki wako wamezikwa wengi, na hakuna hata matanga ya siku moja yaliyokaliwa. Huko nje wanasema, kumbe wa Simba huzikwa kimyakimya kama panya."

Manyoya ya shingo ya Simba yalisimama. Hakuwahi kusikia matanga ya samaki, lakini kufananishwa na panya alikuelewa mara moja. "Nani anasema hivyo? Waite watu! Tunakwenda kukaa matanga kwa Fisi, tena leo hii!"

Jioni, Fisi alikuwa mekoni akipuliza moto chini ya chungu aliposikia kilio kikubwa kama cha kijiji kizima. Mbele alikuwa Bi Kanga, ambaye katika nchi ile hakuna msiba ulioanza kabla ya yeye kupayuka. Nyuma yake walikuja watu na mikeka yao, na Simba amejifunga kitambaa cheusi. Kabla Fisi hajafunga mlango, Sungura alikwisha kuingia na kumwaga debe la maji motoni.

"Samahani sana, mfiwa," alisema. "Nyumba ya msiba haiwashi moto. Unajua desturi."

"Najua, lakini hicho chungu..."

"Usiwe na wasiwasi. Majirani tutakulisha."

Wakamlisha kweli. Sungura alileta masinia ya kabichi, na kama desturi inavyotaka, mfiwa alibembelezwa ale kwanza. Fisi alitafuna figili huku machozi yakimtoka, na waombolezaji wakanong'ona kwamba kweli marehemu walikuwa wamemgusa.

Walikaa siku ya kwanza, wakakaa ya pili. Kila Fisi aliponyanyuka kuelekea mekoni, wawili walimshika mabega. "Keti, Bwana Fisi. Usiende kulia peke yako." Chungu kilikuwa hatua chache kutoka alipoketi, na upepo ulikuwa na tabia mbaya ya kupitia huko kwanza.

"Marehemu ananukia bizari," alisema Nungunungu, akashtuliwa kwa kiwiko.

Siku ya tatu Sungura alimnong'oneza Bi Kanga neno sikioni. Bi Kanga akakohoa, akasimama katikati ya mikeka, akaanza kuwasifu marehemu kama wanavyosifiwa wakubwa.

"Uuwi, sato wetu ee! Macho yako angavu, nani atayaona tena! Mnofu wako mweupe, uliokuwa ukiachana na mfupa bila ugomvi!"

"Uuwi!" waombolezaji waliitikia. Fisi alimeza mate.

"Ungelikuwa hai, ungelichemshwa kwa maji matupu, taratibu, kutwa nzima!"

Fisi aliguna.

"Bila chumvi!"

Fisi alijipinda kwenye mkeka kama mwenye tumbo la kuendesha.

"Ungelitiwa mabamia mengi, ukavurugwa na mwiko, mpaka mtu asijue kichwa ni kipi na mkia ni upi!"

"Hapana!" Fisi aliruka. "Mwanamke gani wewe usiyejua kupika! Sato havurugwi na mwiko! Unamkata mikato ubavuni, unampaka ndimu na kitunguu saumu, unamkaanga kidogo ashike rangi, ndipo unammiminia rojo la karanga! Huyu wa juzi nilimpika hivyo hivyo, na mpaka mifupa niliinyonya!"

Bi Kanga aliketi, akarekebisha mikunjo ya kanga yake kama aliyemaliza kazi.

"Fisi," Simba alisema kwa sauti ya chini, "tangu lini maiti hukaangwa kidogo kabla ya kuzikwa?"

"Mzee, ilikuwa... ilikuwa ni kumwosha."

"Kwa karanga?"

Fisi aliangalia mlango. Sungura alikuwa amekwisha kuufungua wazi, kwa heshima zote, na Fisi akapita hapo akiwa ameacha nusu ya mkia wake katika makucha ya Simba.

Nyuma ya nyumba walichimba wakitafuta makaburi, wakakuta rundo la miiba iliyonyonywa ikang'aa. Ndani walikuta pipa la maji, na humo samaki wengine wa yale mazishi, wazima, wakipigapiga mikia, wakisubiri zamu zao za kuugua. Bi Korongo aliwatazama mmoja mmoja. Aliwasha moto kwa mkono wake mwenyewe, akamwita Simba aje ajionee jinsi jicho la samaki mzima linavyong'aa, ili siku nyingine asihitaji pua ya kuazima.

Wakavunja matanga kwa sato wa karanga na kachumbari pembeni. Simba alikula mpaka akalegea, akawaangalia majirani zake bila kuwapima.

Huko nje ya ua ikasikika sauti ikilia, ndefu, ya kukatisha tamaa, kila harufu ilipovuka ukuta.

"Tumwite ndani?" aliuliza Nungunungu.

"Mwache alie," Sungura alisema, akichukua tango. "Si ndiye mfiwa?"

Mficha maradhi, kilio kitamuumbua.