Profesa wa Mheshimiwa

Mheshimiwa Mwachofi alipanda jukwaani na joho lake la mahafali, jua likiwaka. "Asiye na digrii ajitoe kwenye uchaguzi!" alinguruma. "Mpinzani wangu Nyamvula ni msusi tu. Atatuongozaje?"

Watu wakaanza kumzomea Nyamvula. Yeye akampandisha jukwaani mzee mmoja mgeni, aliyevaa suti na miwani.

"Umesema kweli, mheshimiwa," alisema. "Ndiyo maana nimekuletea profesa wako aliyekufundisha chuoni."

Mwachofi alisita kidogo, kisha akamkumbatia mzee. "Shikamoo, Profesa! Bila wewe nisingehitimu!"

Nyamvula akampa mzee kipaza sauti.

"Marahaba, mwanangu," alisema mzee. "Ila mimi ni mchunga mbuzi, darasani sijaingia hata kufagia. Kama wewe ulihitimu kwangu, basi na mbuzi wangu wote wana digrii."