Gari Chini ya Turubai

Ndugu zangu, palikuwa na mzee mmoja aliyefiwa na mkewe. Siku waliyotoka makaburini aliliegesha gari lao kuukuu uani, akalifunika turubai, asiliwashe tena. Kila Jumamosi alilifunua, akalifuta vumbi, akalifunika. Binti yake wa pekee alipoomba limpeleke kanisani siku ya harusi, mzee alikataa. Alisema kiti kile cha mbele ni cha mama, hakikaliwi na mwingine. Binti akaenda kuolewa kwa gari la kukodi. Tangu hapo mzee hakukanyaga kwa binti, wala binti hakuja kwa mzee.

Miaka ikapita. Mzee akaletewa habari kwamba binti amejifungua. Moyo ukamsukuma aende, tena aende na gari lile. Alilitia betri mpya, akaliwasha, likawaka, lakini kabla halijafika getini oili ilikuwa inamwagika chini. Akaita fundi.

Fundi alishusha giaboksi, akachokoa sili, zile pete za mpira zinazozuia oili isivuje. Akamwekea mzee moja kiganjani. Mzee alipoibonyeza, ikakatika kama ukoko.

"Lakini gari hili nimelitunza," mzee akasema.

"Umelitunza, mzee wangu. Ila mpira huu hulainishwa na oili, na oili huufikia gari likitembea. Likisimama miaka, mpira unakauka."

Fundi akaanza kupachika sili mpya, akizigonga taratibu zikae sawa. Alipogeuka kuomba kitambaa, akamwona mzee yuko getini, kofia kichwani. Akamsihi asubiri, kazi haijaisha.

"Wewe malizia tu, mwanangu," mzee akasema. "Mimi natangulia kwa miguu."

Binti alipofungua mlango, mzee alivua kofia. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa oili. Binti hakumwambia akanawe. Alimpa mtoto, ampakate.

Na sisi je? Wangapi tumeufunika upendo turubai, tukajisifu kwamba tunautunza? Tunafuta vumbi picha za waliolala, na walio hai wanatungoja mlangoni. Tunasema, nitakwenda mambo yangu yakitengemaa. Yatatengemaa lini?

Nilipokuwa nasema, kuna jina la mtu limekujia moyoni. Ibada ikiisha, usipitie nyumbani kwanza.