Wakili Aliyekataza Pole

Hii nimeletewa na shemeji yangu, nami nimeona si haki kukaa nayo peke yangu. Isome taratibu, halafu mpelekee unayemjua.

Pale Himo palikuwa na fundi cherehani, Mpare, jina lake Eliamani. Rafiki yake tangu ujana alikuwa Aloyce Shayo, Mchaga, mwenye pikapu ya kubebea ndizi. Wapare na Wachaga ni watani, na hawa wawili hawakuwa na salamu nyingine. Walitukanana sokoni mpaka mgeni akatafuta polisi, kumbe ndiyo kwanza wanaamkiana.

Siku moja Eliamani alisimamisha kigari chake kwenye tuta, apishe punda wavuke. Nyuma yake alikuwa Aloyce, mawazo yote kwenye bei ya ndizi. Alikanyaga breki akiwa amechelewa, pikapu ikamgonga mwenzake. Kichwa cha Eliamani kilirushwa mbele kikarudi nyuma, na tangu hapo shingo haikugeuka. Hospitali wakamvalisha kola ngumu na kumkataza kuinama. Sasa fundi cherehani asipoinama atashona nini?

Pikapu ilikuwa na bima, kwa hiyo Eliamani akadai fidia ya matibabu na ya kazi iliyosimama. Ilikuwa haki yake kabisa. Lakini siku ileile wakili wa bima alimpigia Aloyce simu.

"Usiende kumwona. Wala usimpe pole. Ukisema pole umekiri kosa, na hapo usitutegemee tena."

Mimi wakili simlaumu sana, ndiyo riziki yake. Namlaumu Aloyce aliyetii. Mtu amezaliwa katika lugha ambayo tunampa pole hata anayetoka kazini, hata anayejikwaa njiani bila sisi kumgusa. Leo anaambiwa pole ni hatari, naye anaamini.

Watu walimiminika kwa Eliamani. Walileta uji, walileta kuku, wakatoa pole hadi nyumba ikajaa. Yeye aliitikia huku macho yakiwa mlangoni. Jioni mkewe, Mama Namsifu, akitaka kufunga mlango, alimzuia.

"Acha kwanza."

"Baba Namsifu, unamngoja nani?"

"Simngoji mtu. Nataka upepo."

Mkewe alijua ni upepo gani. Eliamani alimkumbuka rafiki yake mpaka moyo ukamuuma kuliko shingo. Hakutaka maelezo wala kuombwa radhi kwa magoti. Alitaka tu kuisikia ile sauti ikimtukana kutoka barabarani, ajue kwamba bado ana mtu. Wiki zilipita kimya, akaanza kuamini kuwa kwa Aloyce yeye amekwisha. Alijisemea, fidia nitaipata, lakini Mangi wangu nani atanirudishia? Mangi, yaani chifu wa Kichaga, ndivyo alivyozoea kumwita.

Hatimaye wakaitwa wote kwa msuluhishi wa migogoro ya bima, mama mmoja mtulivu. Wakili wa bima akatandaza picha za hospitali mezani.

"Hakuna mfupa uliovunjika hapa. Huyu mzee anaigiza. Hiyo kola akifika nyumbani anaivua."

Eliamani alikuwa anamtazama Aloyce, na ili amtazame ilibidi ageuke mwili mzima pamoja na kiti.

Msuluhishi akauliza, "Bwana Shayo, wewe una la kusema?"

Wakili alimkonyeza Aloyce anyamaze. Aloyce akaitazama ile kola, akayatazama mabega ya rafiki yake yaliyokakamaa, na mdomo ukamshinda. Utani mkubwa wa Wachaga kwa Wapare ni kwamba wanapenda kesi kuliko ubwabwa.

"We Mpare," akasema, "kesi zote za Himo zimekwisha, mpaka umeamua kuitumia shingo yako mwenyewe?"

Eliamani akaangua kicheko, na kicheko kikaifikia shingo. Alipiga yowe, akaishika kwa mikono miwili, machozi yakamtoka, na bado hakuweza kuacha kucheka. Maumivu yale hakuna mwigizaji anayeyaweza, na kila aliyekuwemo mle ndani aliyaona.

Aloyce aliruka kutoka kitini, akamshika kichwa kwa viganja viwili kama anavyoshikwa mtoto mchanga.

"Pole, Eliamani. Pole sana, ndugu yangu. Ni mimi niliyekugonga, na nimechelewa kuja."

"Iandikwe kwamba kampuni haijakiri kitu," wakili akasema.

"Bwana wakili," msuluhishi akamjibu, "mimi siku ile sikuwepo hata barabarani, nami nampa pole. Na fidia yake atalipwa, kwa sababu nimeona anavyoumia."

Kisha akamgeukia Eliamani. "Mzee, kuna kingine unachodai?"

Eliamani alipangusa machozi. "Kipo. Naomba arudie."

"Arudie kukupa pole?"

"Hapana. Ule utani."

"Utakuumiza tena, mzee wangu."

"Najua, mama. Mwache arudie."

Funzo: Fidia hutibu shingo, lakini uliyemuumiza anakungoja wewe mwenyewe. Nenda ukampe pole leo, kabla hajaacha kukungoja.